Dunga mpaka Henley? Nguvu pekee haitoshi

Omera, umeuliza kama vijana wa shule wanaopiga kafi vizuri pale Dunga, ufukwe wa Ziwa Victoria kule Kisumu, wanaweza kupelekwa kwenye mashindano ya kupiga makasia ya Henley, Uingereza. Timu za nje huruhusiwa kuomba nafasi, na nguvu wanazo. Lakini ule ni mchezo mwingine kabisa. Mpiga kafi anatazama anakoenda. Kule vijana wote wanane wa mashua wamekipa mgongo kituo cha kumalizia, kila mmoja na kasia moja ndefu, kiti kinateleza kwenye reli, na nguvu nyingi inatoka miguuni, si mabegani. Anayeona mbele ni mshika usukani peke yake, na kwa kawaida ndiye mwenye uzito mdogo kuliko wote.

Kombe kubwa la shule za wavulana pale ni Princess Elizabeth. Mashua hushindana mbili mbili, dhidi ya mkondo wa mto Thames, mita 2,112. Ukishindwa mara moja, fungasha.

Mimi ningeanza na ile mashine ya gym ya kupiga kasia, miezi kadhaa, kabla hata ya kuwaza kuhusu mashua. (Bei ya mashua moja ya wanane itamfanya mwalimu mkuu akohoe.) Ziwani nendeni alfajiri tu, maana zile mashua ni nyembamba mno na mawimbi ya upepo wa mchana huzijaza maji. Na gugu maji likifunga ghuba, wiki hiyo mmebaki na mashine.