Fulani na wenzake "anasema" au "wanasema"?

Swali: Naandika tasnifu kwa Kiswahili. Chanzo changu kimoja kina waandishi wanne. Niandike "et al." au "na wenzake"? Kitenzi kiwe cha umoja au cha wingi? Na "Kwa mujibu wa Fulani anasema" ni sahihi?

Jibu: Andika "Fulani na wenzake (2015) wanasema", kwa kitenzi cha wingi. Mtindo wa APA wa kutaja vyanzo, toleo la 7, unaruhusu ufupisho huo tangu mtajo wa kwanza, mradi waandishi ni watatu au zaidi. Wakiwa wawili, wataje wote. "Fulani na mwenzake" humnyima mtu jina lake bure.

Sentensi yako ya mwisho si sahihi, ingawa imejaa katika tasnifu. Ukishasema "kwa mujibu wa Fulani", Fulani amefungwa ndani ya kirai hicho, hawezi tena kuwa kiima cha "anasema". Chagua moja: "Kwa mujibu wa Fulani (2015), viambishi hivi ni vya wakati", au "Fulani (2015) anasema kwamba viambishi hivi ni vya wakati". Kosa hilohilo limo katika "Katika makala ya Fulani inaonyesha kwamba..." Ondoa "katika" tu, ili makala yenyewe iwe kiima: "Makala ya Fulani inaonyesha..."

Chanzo kikiwa cha asasi, tazama nomino iliyobeba jina lake. BAKITA ni baraza, basi "BAKITA limeeleza". TATAKI ni taasisi, "imeeleza". CHAUKIDU ni chama, "kimeeleza". Wengi huandika "wameeleza" kwa kuwafikiria watu waliomo. Katika mazungumzo hilo halimsumbui mtu, lakini kwenye tasnifu mtahini atalizungushia kalamu.

Halafu angalia kitenzi chenyewe. Wanafunzi hubadilisha "anasema" kwa "anadai" ili wasijirudie, kumbe "anadai" humwambia msomaji kuwa huikubali hoja. "Amethibitisha" nako kunakufunga: ukiitumia, uwe tayari kuutetea ushahidi wake. Kama huna upande, "anaeleza" inatosha, hata ikijirudia mara tatu katika ukurasa mmoja.

Kwa maneno uliyoyadondoa neno kwa neno, ongeza ukurasa: (Fulani na wenzake, 2015, uk. 45). Zikiwa kurasa kadhaa, ni "kur. 45–47".