Ukitaka kununua kampuni, niite kabla ya kusaini

Simu nyingi ninazopokea huanza hivi: "Wakili, jana tumesaini, tusaidie tu kumalizia ya Tume." Kumalizia! Kana kwamba kibali cha Tume ya Ushindani ya Tanzania (FCC) ni barua ya mwenyekiti wa mtaa.

Kosa la kwanza ni hesabu. Mzee mmoja alinihakikishia hahitaji kibali kwa sababu kiwanda anachonunua "ni kidogo tu, mwanangu". Kweli kilikuwa kidogo. Lakini yanayopimwa ni mauzo au mali za pande zote mbili kwa pamoja, wala si bei unayolipa. Mwaka 2017 kiwango kilipandishwa kutoka shilingi milioni 800 hadi bilioni 3.5, na mauzo ya mzee peke yake yalishaipita hiyo bilioni 3.5 zamani.

Alikuwa pia ameshampeleka mhasibu wake kule na kubadilisha bango la getini. Nikamwomba alirudishe la zamani siku hiyohiyo, na mhasibu arudi nyumbani. Chini ya Sheria ya Ushindani ya 2003, faini ya kuanza kuunganisha biashara kabla ya kibali inaweza kufika asilimia 10 ya mauzo ya mwaka. Mauzo, si faida. Mwenye biashara ya faida nyembamba ataelewa kwa nini nilipandisha sauti mbele ya mtu aliyenizidi umri.

Wanaobisha huwa nawasimulia habari ya Twiga na Simba, na sizungumzii mbuga. Oktoba 2021 wamiliki wa Twiga Cement, wenye kiwanda Wazo Hill, walitangaza kununua asilimia 68.33 ya Tanga Cement, watengenezaji wa saruji ya Simba. FCC ikaridhia Aprili 2022. Watu wakapongezana mapema. Waliopinga wakakata rufaa Baraza la Ushindani (FCT), na Septemba 2022 Baraza likakitengua kibali. Hoja kubwa ilikuwa kwamba wakiungana watavuka asilimia 35 ya soko, na huo ndio ulikuwa mstari wa sheria yetu wakati huo kuhusu kampuni kulitawala soko. Hisa zilikuja kununuliwa 2023, baada ya ombi jipya, na mwaka uliofuata zikauzwa tena kwa kampuni ya Amsons.

Kwa hiyo nikiona mkataba uliotenga miezi mitatu tu ya kupata vibali vyote, naurudisha. Kibali kinaweza kutoka na bado kikafutwa, na muuzaji hatakusubiri bure. Andikeni pia nani atabeba gharama mambo yakikwama. Kipengele hicho wateja hukiruka kwa aibu, kama wachumba wasiotaka kuzungumzia talaka.

Halafu kuna nyaraka zenu wenyewe. Siku ya kwanza naomba mihtasari ya vikao vya bodi, kwa sababu Tume nayo inaweza kuitaka. Mwaka fulani nilikuta sentensi moja: "Baada ya ununuzi huu tutabaki peke yetu kanda nzima, bei tutapanga sisi." Nikamuuliza mkurugenzi nani aliandika. Akacheka: "Ah wakili, hayo ni maneno ya kikao tu." Akaniuliza kama ukurasa huo unaweza kupotea. Nikamwambia hauwezi, na kama ungepotea nisingekuwa wakili wake. Tulitumia wiki tatu kuielezea hiyo sentensi moja.