Kasi ya Kanzidata: Usilipie Chati, Pima Mwenyewe

Juzi kijana mmoja wa Mwanza kaniandikia: "Shikamoo kaka. Muuzaji anasema kanzidata yake ina kasi mara 10 kuliko PostgreSQL. Tununue?" Nilishindwa kumjibu siku ile. Maneno hayo hayo niliambiwa mimi, nikayaamini.

Nilikuwa natunza mfumo wa SACCOS moja Dar es Salaam, juu ya PostgreSQL, kanzidata huria isiyolipiwa leseni. Kila mwisho wa mwezi ripoti ya mikopo ilichukua dakika 40, mhasibu kasimama nyuma ya kiti changu na kikombe cha chai mkononi. Muuzaji akaja na chati ya kasi, nguzo yake ndefu, za wengine fupi. Nikaishawishi bodi, leseni ikalipwa. Ripoti ya kwanza: dakika 38. Nilipotaka kuwaonyesha wenzangu vipimo, nikakuta kifungu kwenye mkataba: ni marufuku kutangaza matokeo bila idhini ya maandishi. Vifungu vya aina hiyo huitwa kwa jina la David DeWitt, profesa wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, ambaye vipimo vyake vya kasi ya kanzidata vya mwanzoni mwa miaka ya 1980 viliwaudhi wauzaji.

Usiku mmoja nikarudi kwenye nakala ya zamani ya PostgreSQL, nikaendesha EXPLAIN ANALYZE, amri inayoonyesha kanzidata inavyotafuta jibu hatua kwa hatua. Pale pale nikaona "Seq Scan": kwa kila mkopo, jedwali la marejesho lenye rekodi milioni 3 lilisomwa lote, mwanzo hadi mwisho. Namba ya mkopo haikuwa na indeksi, ile orodha inayoiwezesha kanzidata kuruka moja kwa moja hadi rekodi inayotakiwa, na tulipohama tulihama na kasoro hiyo hiyo. Nikaweka indeksi. Ripoti ikatoka kwa sekunde 9. Fedha za leseni zilikuwa akiba za mama lishe na makondakta, na hilo linaniuma hadi leo.

Ndugu zangu, pimeni kwa data yenu, kwa maswali yenu, kwenye seva yenu. Hata sifa za programu huria zipimeni. PostgreSQL huja na shared_buffers, yaani kumbukumbu ya kushikilia data, ya MB 128 tu. Anayetaka ishindwe huiacha hivyo hivyo, na anayetaka ing'are huzima fsync, ile hatua ya kuhakikisha data imefika kwenye diski, na umeme ukikatika data inaweza kuharibika. Tofauti ni kwamba kwenye programu huria hakuna anayekuziba mdomo: ukipima, unatangaza, na mwingine anarudia kipimo chako.

Kijana wangu, mwombe muuzaji huyo ruhusa ya maandishi ya kutangaza vipimo vyako, kisha nitumie jibu lake.