Dawa ya povu mnamwaga, mbona povu linarudi?

SWALI: Habari za kazi mtaalamu. Mimi niko uzalishaji kwenye kiwanda cha rangi za maji na povu linatusumbua balaa, tukichanganya linapanda mpaka mdomo wa tangi, tukiweka dawa ya kuua povu linashuka, tukihamishia tangi la kujazia linarudi tena. Rangi ikipakwa inaacha vitundu. Bosi anataka tuongeze dozi. Tufanyeje? – Opereta, zamu ya usiku

JIBU: Pole ndugu opereta. Mwambie bosi asubiri kwanza, maana swali lako limeshajijibu nusu, povu linarudi mkihamisha, yaani hapo katikati kuna mahali mnaingiza hewa. Maji matupu ukiyatikisa viputo vinapasuka hapo hapo, lakini rangi ina visabuni vya kulowesha poda ya rangi, na hivyo ndo vinajipanga kwenye ngozi ya kiputo kinakuwa kigumu kupasuka. Visabuni huwezi kuvitoa, poda itagandamana, kwa hiyo dili na hewa.

Fungua mfuniko wa tangi la kujazia uangalie bomba linaishia wapi. Kama rangi inadondoka kutoka juu inapiga uso wa iliyomo, mwizi ndo huyo, shusha bomba mpaka karibu na chini au lielekezee ukuta wa tangi rangi iteremke taratibu. Halafu nenda upande wa pampu unaovuta. Jointi iliyolegea pale haivuji rangi, inanyonya hewa, ndo maana watu wanapita kila siku hawaioni. Paka grisi nzito kwenye jointi moja moja pampu ikiwa inafanya kazi, ukiona viputo vimepungua kule kwenye tangi la kujazia umeshaipata. Na mkichanganya, mkishamaliza kusaga poda punguzeni spidi ya mota, ile shimo inayozunguka katikati mpaka panga la kuchanganyia linaonekana inavuta hewa vibaya sana, hasa tangi likiwa nusu.

Sasa dawa yenyewe. Inafanya kazi kwa sababu HAIYEYUKI kwenye rangi, matone yake yanaingia kwenye ngozi ya kiputo yanatanuka na ngozi inakatika. Mkiisaga muda mrefu kwa spidi kubwa matone yanakuwa madogo mno nguvu inaisha, kwa hiyo msiweke yote mwanzoni, gawa, sehemu wakati wa kusaga na nyingine mwishoni mkichanganya polepole. Na tikisa ndoo kabla ya kupima jamani, dawa nyingi zinajitenga zikikaa, wa kwanza anachota mafuta wa mwisho anachota maji. Mkizidisha, hasa ya silikoni, rangi inakimbia inaacha vishimo vya duara ukutani, na hivyo vitundu unavyosema inawezekana ni hewa, inawezekana ni dawa imeshazidi hata kabla ya hiyo dozi ya bosi.

Kujua ni kipi, chukua kikombe cha ujazo unaojulikana, jaza rangi mpaka ukingoni, pima uzito. Iliyotoka sasa hivi kwenye tangi ikiwa nyepesi kuliko ileile iliyolala usiku kucha imefunikwa, ina hewa ndani hata kama juu huoni povu. Uzito ukiwa sawa na vishimo bado vipo, punguza dawa.

SWALI: Boila letu kioo cha kiwango cha maji kinarukaruka na mvuke unatoka na maji. Nalo ni povu? – Fundi

JIBU: Mara nyingi ndiyo. Chumvi zikijilimbikiza kwenye maji ya boila yanatoa povu na povu linabebwa na mvuke. Pima chumvi, ikizidi kiwango cha mtengenezaji toa maji kwa valvu ya chini kidogo kidogo huku unajaza mapya. Angalia pia maji yanayorudi kutoka kwenye mitambo kama yana mafuta, hata kidogo tu yanachafua. Vyote vikiwa sawa, uliza kama kuna mtu anafungua valvu kubwa ya mvuke kwa ghafla, presha ikishuka kwa kasi maji yanaruka hata yakiwa masafi.