Muulize Mjomba: Moto Umeshika Nyasi, Gari la Zimamoto Liko Mbali

Kiangazi kimefika na barua za moto zimejaa mezani. Nimechukua tatu, zingine mnisamehe.

Mjomba salaam. Mimi ni mtu wa boda huku kijijini West Nile. Januari iliyopita mtu alichoma shamba lake, upepo ukabeba moto mpaka kwa jirani, nyumba tatu za nyasi na ghala la mtama zikaisha tukiona. Jerikeni tulikuwa nazo lakini kila mtu alikimbia kivyake, na zimamoto walifika majivu yamepoa. Sasa kwa simu nimeona Marekani huko vijijini mkulima ama mwalimu anaacha kazi yake anaenda kuzima moto bila mshahara. Kwa steji yetu tuko 14, tunataka kuanza hivyo, alafu tuombe Rotary, ile klabu ya watu wanaojitolea kusaidia jamii, watupe gari la zimamoto. Mke wangu anasema tumechanganyikiwa. Ni kweli?

Kwa hio ya gari, mke wako yuko sawa. Hio nyingine amekosea.

Ulichoona ni kweli kabisa. Marekani ukichukua wazimamoto watatu, karibu wawili ni wa kujitolea, na si jambo la jana, Benjamin Franklin na majirani zake walianzisha chama chao Philadelphia mwaka 1736, kila memba alitakiwa awe na ndoo zake za ngozi na magunia ya kuokolea vitu ndani ya nyumba. Chile ndio wameweza zaidi, wazimamoto wa nchi nzima ni wa kujitolea. Na hao wa vijijini Marekani pesa haiwatoshi pia, utawakuta wanauza samaki wa kukaanga Jumamosi ndio wapate ya mafuta na mipira ya maji, na klabu za pale mtaani zinawachangia. Lakini kumbuka wako na ushuru wa kaunti unaosaidia, na mtu hapewi koti akimbilie moto kabla hajafundishwa.

Sasa gari. Dizeli nani analipa? Tairi? Na maji yake mtayatoa wapi, kwa kisima cha kupampu na mkono, wamama wakiwa foleni? Lori kama hilo mwaka wa pili kuku watakuwa wanataga ndani, mimi nimeshaona trakta ya msaada ikifanya kazi hio hio.

Hapa kwetu Uganda zimamoto iko chini ya polisi, na wilaya zimepita 130, nyingi hazina hata stesheni moja ya zimamoto. Mpigie 999 ama 112, lazima, lakini nyumba ya nyasi inaisha kwa dakika chache, kwa hio hizo dakika ni zenu. Na kufanya kazi pamoja tunajua tangu zamani. Kule Kigezi wana vikundi vya engozi, mgonjwa akizidiwa wanaume wanambeba kwa machela mpaka chini kwa barabara, kila nyumba inatoa mtu, ukikwepa unapigwa faini. Buganda wana bulungi bwansi, kazi ya pamoja ya kijiji, na mlio wa ngoma ya hatari hakuna asiyeujua. Kwenu pia najua kuna chama cha mazishi. Anzieni hapo, msianze na jina na fulana.

Nyinyi 14 chagueni mmoja wa kuamuru, na akisema toka mnatoka, hata kama ni mdogo kwenu. Wengine wapange mstari wa jerikeni kutoka kwa maji mpaka kwa moto, zile zilizojaa upande mmoja, tupu zinarudi upande mwingine, hapo mngeokoa hata lile ghala. Nyumba ikishashika juu achana nayo, toeni watu, alafu nguvu yote iende kwa paa la jirani, magunia yaliyoloa maji yatandikwe juu kabla cheche hazijafika. Moto wa nyasi unapigwa na matawi mabichi ukisimama upande ulioshaungua, unaanzia pembeni, husimami mbele yake, na msipande mlima moto ukiwa chini yenu, unapanda mbio kuliko mtu. Na hizo jezi za Arsenal mnazovaa, bana, zile zinayeyuka na kukwama kwa ngozi. Vaeni pamba na viatu vilivyofunika mguu. Akiungua mtu, maji baridi yanayotiririka dakika 20, si dawa ya meno, si mayai.

Novemba, kabla nyasi hazijakauka, fyekeni na kukwangua mpaka udongo uonekane kuzunguka kila boma. Kazi haina utamu, hakuna atakayepiga picha, lakini ndio inazima moto mwingi kuliko gari. Na huyo aliyechoma shamba mkumbusheni, sheria ya kukataza kuchoma nyasi iko Uganda tangu 1974, hata kama wengine wanajifanya hawajawahi kuisikia.

Mjomba, sisi ni kikundi cha wamama 22, tunataka vifaa vya kuzima moto kwa soko letu. Rotary na Lions tofauti yao nini, na ni lazima uwe tajiri ndio wakusikilize?

Hapana mama. Zote mbili zilizaliwa Chicago, Rotary 1905, Lions 1917, na Rotary ya Kampala iko tangu 1957. Uganda ilifika mpaka kutoa rais wa Rotary ya dunia nzima, marehemu Sam Owori, alichaguliwa lakini akafariki 2017 kabla hajakalia kiti. Kujiunga unaalikwa na kuna ada, lakini nyinyi hamuhitaji kuwa memba, klabu inaweza kudhamini kikundi cha kijiji cha watu wasio memba, kinaitwa Rotary Community Corps, waulizeni hio kwa jina.

Msiandike barua ya "tunaomba msaada", wanapata nyingi. Nendeni wawili kwa felosho yao, yaani mkutano wao wa kawaida, na karatasi moja, ndoo za mchanga ngapi, mitungi mingapi ya kuzimia, bei ya dukani, nyinyi mmeshachanga kiasi gani, nani anashika funguo. Barua ya LC1, mwenyekiti wa kijiji, iambatane. Na mwaka wao unaanza tarehe 1 Julai na rais anabadilika, kwa hio nendeni Aprili ama Mei wakiwa wanapanga, ukienda Juni unakuta mtu anafunga virago.

Mjomba, tanka la petroli likianguka kwa barabara yetu, kikundi chetu cha kujitolea kifanye nini kwanza?

Kikimbie. Sitanii. Tanka liliungua Namungoona, Kampala, mwaka 2013, walikufa zaidi ya watu 30, wengi walikuwa wamekuja kuchota petroli. Nyinyi kazi yenu ni kusukuma watu mbali, upande upepo unakotoka, hakuna sigara, hakuna simu karibu, na boda zinasukumwa kwa mkono, haziwashwi. Anayekuja na jerikeni mnyang'anyeni, atawatukana, mwacheni atukane akiwa mbali.