Mwiko usiofika Antaktika

Shikamoo. Friji zimejaa Ulaya na Asia, mbona tundu la ozoni liko Antaktika? – Mwanafunzi, Chumbageni, Tanga

Marahaba, mwanangu. Ozoni ni gesi iliyo juu angani inayotukinga na miale mikali ya jua; tundu ni pale inapopungua mno. R12, gesi ya kupozea ya friji za zamani yenye klorini inayokula ozoni, hudumu hewani karibu miaka 100, kwa hiyo pepo huifikisha kila pembe ya dunia. Antaktika, kule ncha ya kusini, ina cha ziada: baridi iliyofungiwa. Kipupwe chetu hiki, huko jua halionekani, na pepo za magharibi huizunguka ncha kama ukuta. Hewa ya ndani hupoa hadi chini ya nyuzi hasi 78, mawingu yanajitokeza, na juu ya chembe zake klorini ya R12 iliyolala inaamka. Jua likirudi Septemba, ozoni huliwa kwa wiki chache.

Aktiki, kule ncha ya kaskazini, nako ni baridi; mbona hakuna tundu kama hilo? – Huyohuyo, kesho yake

Zungusha maji kwenye sufuria, kisha chovya mwiko pembeni: mzunguko unayumba. Kaskazini mwiko ni milima na mabara. Hewa ikiparamia huko huzaa mawimbi makubwa yanayopanda hadi stratosfea, tabaka la juu la hewa lenye ozoni, yakauvuruga ule ukuta na kuupasha joto. Antaktika imezungukwa na bahari, wa kuchovya mwiko ni haba.

Haba, si kwamba hayupo. Septemba 2002 mawimbi ya kusini yalipata nguvu, yakalipasua tundu vipande viwili. Mwaka 2020 ya kaskazini yalilegea, Aktiki ikapoteza ozoni kuliko ilivyozoea. Kwa hiyo tundu dogo la Antaktika la 2019 halikunifanya nipige vigelegele; ile ilikuwa kazi ya mawimbi, si ozoni kupona.

Je, kusi yetu ndiyo inayobeba ozoni kwenda nchani? – Mvuvi, Deep Sea

Hapana, kaka. Kusi inayojaza tanga lako inavuma chini mno. Ila kilomita 30 hivi juu yako, jua kali linatengeneza ozoni, na mkondo wa polepole unaipeleka kwenye ncha. Tunapika sisi, wanapakua wengine: Machi, Aktiki huweza kupita yuniti 400 za Dobson, kipimo cha wingi wa ozoni, sisi tunachezea 260. Kofia usiisahau.

Friji kuukuu ina R12. Niiachie tu hewani? – Fundi, Ngamiani

Ivute kwenye mtungi, fundi wangu. Mkataba wa Montreal wa 1987 ulibana utengenezaji, haukufuta iliyomo ndani ya friji. Antaktika inakadiriwa kurudi hali ya 1980 karibu na 2066. Ukikata paipu leo nyuma ya duka, sehemu kubwa ya gesi hiyo itakuwa bado hewani mwaka huo.