Nyimbo za Bibi na Ufadhili wa Masomo

SWALI: Shikamoo Mhariri. Ninasoma kidato cha sita hapa Mwanza, nami nimerekodi nyimbo za bugobogobo, ngoma ya Wasukuma, anazoimba bibi yangu. Je, zitanisaidia kuomba ufadhili wa masomo kwa vijana wanaohifadhi utamaduni wao?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Zitakusaidia, ila rekodi pekee haitoshi: andika maneno kwa Kisukuma pamoja na tafsiri, mahali na tarehe, na jinsi wachezaji wanavyocheza na majembe mikononi, huku ukimwomba bibi ridhaa kwanza, kwa kuwa nyimbo hizo ni zake. Fika pia Makumbusho ya Wasukuma, Bujora, uulize habari za Bagika na Bagalu, vyama vya ngoma vyenye ushindani wa siku nyingi, kisha umuulize bibi aliimbia upande upi.